Chaki Isiyofutika

Mwaka jana, mwezi wa sita, niliitwa Tabora kujibu maswali. Aliyeniita ni mwalimu kijana wa chuo kikuu, binti mpole mwenye miwani, anayetafuta shahada ya juu kabisa kwa kuchunguza jinsi mazingira ya kazi yanavyojenga stadi za ujasiriamali kwa wafanyakazi wa vyuo vikuu. Alikuwa amepekua majalada ya zamani akakuta kwamba tawi dogo la chuo kikuu lililokuwa Tabora katikati ya miaka ya sabini liliwahi kujitengenezea chaki, akataka kuwaona waliobaki. Tuliobaki ni wawili. Nilipoingia ukumbini nilimkuta mwenzangu amekwisha kukalishwa kwenye kiti cha plastiki, kanga mabegani, macho yamefifia lakini sauti ni ile ile ya kuitia watu chakula. "Shikamoo, Mama Veronika," nikamwambia. "Marahaba. Nani huyo? Mwasiti? Hebu sogea nikushike. Mbona umenenepa hivyo, mwanangu, na aliyekuwa mpishi ni mimi?" Tukashikana, tukacheka mpaka binti wa watu akaziweka karatasi zake chini. Alipozichukua tena alimwuliza Mama Veronika, kwa adabu na kwa Kiswahili cha vitabuni, ni mambo gani hasa katika mazingira ya kazi yaliyochochea ubunifu wake. Mama Veronika akafikiri kidogo, akasema, "Chaki ziliisha." Kisha akatulia na kuanza kuitafuta chai yake kwa mkono, maana kwa upande wake swali lilikuwa limekwisha.

Mimi nilipewa fomu yenye visanduku. Nakubali kabisa, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Nikaijaza yote kwa kuwa binti yule alikuwa ametoka mbali na ana shida yake, lakini nilipokuwa narudi kwenye nyumba ya wageni nilijisikia kama mtu aliyeulizwa habari za harusi akajibu kwa kutaja idadi ya viti. Hilo neno ujasiriamali hatukuwa nalo wakati ule. Miaka ile ya Ujamaa mtumishi aliyeonekana ana kitu cha pembeni aliitwa mlanguzi, au bepari uchwara kama anayemwita ni mtu wa kupenda maneno, na vyeo hivyo hakuna aliyevitafuta. Kwa hiyo nimeona niuandike mwaka ule mimi mwenyewe, nje ya visanduku, kabla macho yangu nayo hayajafifia.

Tawi lilikuwa na vyumba vinne na baraza moja ndefu, katika nyumba ya kuta nene ya enzi za Wajerumani, kwenye barabara iteremkayo kwenye kituo cha treni. Chuo kikuu chenyewe kilikuwa Dar es Salaam, mbali kabisa. Sisi tuliwekwa pale kufundisha watu wazima, wakulima na makarani na wauguzi wa vijijini waliokuja kwa zamu, kundi moja kozi ya wiki mbili, linaondoka linakuja jingine. Chumba cha kwanza kilikuwa cha mkuu wa tawi, Mwalimu Lazaro, Mmoravian mrefu mwenye suti moja ya rangi ya kaki, mtu aliyekuwa akiomba radhi hata akikupisha mlangoni. Chumba cha pili kilikuwa changu na mashine yangu ya chapa, na kati yangu na Mwalimu palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, kiasi kwamba akikuna kidevu namsikia. Cha tatu kilikuwa darasa, chenye ubao wa saruji uliojengewa ukutani ukapakwa rangi nyeusi. Cha nne kilikuwa stoo ya Mzee Shabani, mwenyeji wa mtaa wa Ng'ambo, kofia ya kiua nyeupe kila siku, aliyejivunia kwamba babu yake aliongoza misafara ya wapagazi kutoka pwani hadi Ujiji bila kupoteza mzigo. Nyuma ya nyumba ndipo alipopikia Mama Veronika, chini ya kibanda cha bati, na harufu ya maharage yake iliingia madarasani saa nne na nusu kwa uhakika kuliko kengele.

Mimi nilikuwa na miaka ishirini, mpiga chapa wa majaribio. Majaribio yalikuwa miezi kumi na miwili, na mwisho wake ama unathibitishwa kazini ama unamwaga unga, basi. Nilikuwa nimepanga chumba Ng'ambo, nyuma ya nyumba ya fundi cherehani, chumba chenye dirisha moja na kufuli moja. Nilikuwa sijawahi kushika ufunguo wa mlango wangu mwenyewe. Niliufunga kwenye pindo la kanga na mchana nikiwa napiga chapa niliushika mara kwa mara kuhakikisha upo. Kama kazi ingekwisha, chumba kingekwisha siku hiyo hiyo, na ningerudi kulala sebuleni kwa watu. Hilo ndilo lililokuwa likinisumbua mwaka mzima, na msomaji akiniona nahangaika na udongo na masizi ajue nilikuwa nauhangaikia ufunguo ule.

Mwezi wa tatu Mzee Shabani aliitisha kikao cha watu wanne barazani, akavua kofia, akatangaza kwamba chaki zimebaki sita. Barua ya kuomba nyingine ilikuwa imekwenda Dar es Salaam mara mbili, na majibu yake yalikuwa kwamba tuendelee kuvuta subira. Kulikuwa na upungufu wa kila kitu mwaka ule, karatasi, mafuta ya taa, sabuni, hata sindano. Mwalimu Lazaro akasema kozi inayofuata itabidi iahirishwe. Mama Veronika, aliyekuwa anachambua mchele kwenye ungo, akasema bila kuinua macho, "Kwetu Goweko upo udongo mweupe wa kupakia nyumba. Ukipita karibu unakuchafua nguo. Sasa hicho si ndicho chaki?" Mwalimu akamtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba kuna njia fupi. Akaniuliza mimi, kwa nini mimi hata leo sijui, labda kwa sababu nilikuwa mdogo na mikono yangu ilikuwa haina kazi: "Mwasiti, unaweza kujaribu?" Nikasema naweza, kabla sijafikiri naweza nini.

Udongo uliletwa na Paulo, mdogo wake Mama Veronika, mkulima wa tumbaku wa Goweko, aliyekuja na baiskeli na gunia, akasimama uani akitusalimia kwa lugha ya kwao, "Mwangaluka!" huku jasho linamtoka. Tukautwanga kwenye kinu, tukauchekecha kwa kipande cha chandarua, tukaukanda na maji. Cha kukandia kilipatikana lakini cha kuumbia hakikupatikana, hadi nilipoona watoto barabarani wakipulizia vijiti vya majani ya mpapai, vile vilivyo wazi ndani. Nikawanyang'anya viwili. Nikashindilia udongo mle, nikaanika juu ya bati, na siku ya pili nikachana kijiti kwa wembe, ndani mkatoka chaki iliyonyooka, nyeupe, nzuri mno kuitazama. Nikaipeleka mbio kwa Mwalimu. Alipoigusisha tu ubaoni ikamomonyoka mkononi mwake ikawa unga, na suti ya kaki ikawa ya mwokaji mikate. Akaomba radhi.

Wiki mbili nilihangaika na kitu cha kuishikisha. Nilitia uji wa muhogo, chaki zikashikamana vizuri, lakini panya wa stoo wakazila zote kwa siku moja, na Mzee Shabani akaandika kwenye daftari lake "chaki kumi na nane, zimeliwa." Ndipo tukafanya kosa ambalo naamini lingefanywa na watu wa Tabora tu. Kwetu nta ya nyuki inatiwa kila mahali. Fundi viatu anapakia uzi, mwenye mtungi unaovuja anaziba, mpiga ngoma anabandika kwenye ngozi, na mtoto akipasuka kisigino anapakwa hiyo hiyo. Mama Veronika akasema, "Tia nta," nami nikaona ajabu kwamba sikuwaza hilo tangu mwanzo. Tukayeyusha nta kwenye sufuria ya wanafunzi, tukamwaga udongo, tukakoroga, tukajaza vijiti vya mpapai mchana kutwa, na harufu ya asali ikaujaza ua mzima mpaka nyuki wenyewe wakaja kuangalia. Zile chaki hazikuvunjika. Uliweza kuzidondosha sakafuni zikaruka. Mzee Shabani alizipanga kwenye boksi moja moja kwa mikono miwili, na mimi siku ile niliuona mlango wa chumba changu ukiwa wangu kwa miaka mingi.

Asubuhi ya kozi Mwalimu Lazaro aliingia darasani, akaandika kwa herufi kubwa juu ya ubao, SOMO LA KWANZA, akapiga mstari chini yake. Chaki iliteleza kama siagi. Darasa zima likanong'ona kwa kupendezwa. Kisha akaona mstari umepinda kidogo, akachukua kitambaa afute. Maneno hayakufutika. Akasugua. Akaomba maji, akaomba sabuni ambayo ilikuwa adimu kuliko chaki, mkulima mmoja akajitolea kwenda kuleta mchanga. Rangi ya ubao ikatoka, maneno yakabaki. Tulijaribu yote siku ile, na jioni SOMO LA KWANZA ilikuwa inang'aa kuliko asubuhi kwa sababu ya kusuguliwa. Mwaka mzima uliofuata masomo yote ya tawi letu, hesabu, siasa, afya ya mama na mtoto, mpaka hotuba ya kufunga kozi, yalifundishwa chini ya maneno hayo, na wageni walidhani kwamba sisi hatuendi mbele.

Nilikaa kwenye mashine yangu nikingoja kuitwa. Nilikuwa nimeharibu ubao pekee wa tawi, mali ya umma. Kupitia ukuta wa mbao nilimsikia Mwalimu akivuta kiti, akiketi, akiinuka. Alipokuja mlangoni alikuwa ameshika ile chaki, anaigeuza vidoleni. "Mwasiti," akasema, "tangu nianze kufundisha sijashika chaki inayoandika vizuri hivi. Ina kasoro moja tu." Nikaanza kulia. Akaniambia, "Hapana, samahani, sikuja kwa hilo. Nimekuja kukuuliza, kitu kinachoandika kisifutike kinaweza kumfaa nani?" Kisha akaondoka, akaniacha na swali hilo na mafua ya kilio. Leo watu wananiambia kwamba shida ndiyo mwalimu wa biashara, nami huwa nabisha. Shida nimeziona nyingi maishani, na nyingi hazikunifundisha chochote zaidi ya kuchoka. Siusifu uhaba hata kidogo. Kilichonifunza mwaka ule ni kwamba niliharibu kitu kikubwa mbele ya bosi wangu, na bosi wangu akanipa swali badala ya barua. Hilo halikuwamo kwenye visanduku vya yule binti, nami nilimwandikia pembeni, kwa mkono, na kuzungushia duara.

Jibu la swali alilileta Paulo bila kujua. Alikuja na mzigo mwingine wa udongo, akakaa uani anakula ugali wa dada yake, akilalamika kwa mdomo uliojaa. Kule ghalani, marobota ya tumbaku ya kijiji kizima yalikuwa yakirundikwa pamoja, na alama walizoandika kwa mkaa zilikuwa zimefutika kwa kusuguana ndani ya lori. "Robota langu lilikuwa majani ya dhahabu, dada, ya dhahabu kabisa. Nikaonyeshwa takataka nikaambiwa hili ndilo lako. Nitabishaje? Alama haipo." Mzee Shabani alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo. Akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo la kwao, kwamba wapagazi wa babu yake walitia kila mzigo alama ya mwenyewe kabla ya kuondoka Kwihara, kituo cha misafara hapo karibu na Tabora, maana njia ni ndefu na kila mtu atasema ule mzito si wangu. Hapo tukatazamana, Mzee Shabani, Mama Veronika na mimi. Nilikwenda kuleta boksi. Paulo akaandika herufi P kwenye gunia la udongo, akaisugua kwa kiganja, akaisugua kwa kisigino, akalivingirisha gunia uani kwenye changarawe na dada yake akimpigia kelele aache kumwaga. P ikabaki. Paulo akaacha ugali, jambo ambalo sikupata kuliona tena.

Mwalimu aliogopa. Aliipenda habari ile na aliiogopa kwa kipimo hicho hicho, maana Azimio la Arusha lilikuwa wazi kuhusu watumishi kujitafutia mapato ya pembeni, na yeye alikuwa mtu wa kuyasoma maandishi mpaka chini. "Msiuze," akatuambia barazani. "Mkulima akija, mpeni. Anayetaka kushukuru ashukuru apendavyo." Basi tukagawa, na wakulima wa Goweko wakashukuru. Walishukuru kwa karanga, kwa mihogo, kwa asali ndani ya kibuyu, kwa kuni zilizofungwa vizuri, kwa nta na udongo wa kutengenezea chaki nyingine. Jiko la Mama Veronika, ambalo mwezi wa pili lilikuwa limefikia ugali na mchuzi wa chumvi, likaanza kutoa maharage yaliyoungwa kwa karanga, na siku za Jumamosi uji wenye asali. Kozi zikajaa. Wauguzi waliokuwa wakitoa udhuru sasa waliwahi siku moja kabla. Mzee Shabani, ambaye kwa miaka miwili alikuwa mlinzi wa rafu tupu, alitembea na funguo zake zikilia kiunoni, akasema sasa ana stoo. Chaki za kufundishia nazo tulizipata, kwa uji wa muhogo mwembamba na kuanika kivulini, na tukazihifadhi kwenye debe la mafuta lenye mfuniko. Panya waliendelea kulizunguka kwa huzuni.

Furaha ya miezi ile siwezi kuieleza ikatosha. Nilikuwa naamka kabla ya adhana nikiwaza rangi. Wanawake wa Goweko waliokuwa na mashamba yao wenyewe waliniambia kwamba nyeupe inafanana na ya waume zao, na kwamba robota la mke likifika ghalani linahesabiwa la mume. Nikawauliza wanataka nini. Wakasema nyekundu. Nilikuwa sijawahi kumwuliza mtu mzima anataka nini, wala kuulizwa. Nikatwanga udongo mwekundu wa kichuguu, nikatia nta zaidi, mara ya kwanza ikawa rangi ya tope, mara ya nne ikawa nyekundu ya kweli, na mama mmoja akaipunga hewani na kusema, "Sasa hii wataiona hata wakifumba macho." Nyeusi niliitengeneza kwa masizi ya sufuria, na Mama Veronika alidai kwamba kwa mara ya kwanza katika maisha yake kuna mtu anamshukuru kwa sufuria chafu. Nilipiga chapa asubuhi na kumimina nta mchana, vidole vyangu vikanata kwenye mashine, na mihadhara ya mwaka ule yote ilinukia asali.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zimeanza, Mwalimu Lazaro alijishitaki mwenyewe. Hakuna aliyetusema. Alikuwa anaandika taarifa ya mwaka, akafika kwenye sehemu ya shughuli nyingine za tawi, dhamiri ikamkaba, akaeleza kila kitu, nta, karanga na kuni, mpaka kibuyu cha asali. Alinipa niichape. Nilimwuliza kama ni lazima. Akasema, "Samahani sana, Mwasiti, lakini ni kweli." Wiki tatu baadaye likaja jibu, kwamba mkaguzi yuko njiani. Nilikuwa nimebakiza siku kumi na tisa za majaribio.

Mkaguzi aliitwa Ndugu Mpangile. Alishuka kwenye treni na mkoba mmoja na chupa ya maji yaliyochemshwa, mwembamba, msema kidogo, mwenye maradhi ya tumbo yaliyomfanya aonekane kama hakubaliani na lolote. Siku mbili alipekua. Alihesabu sufuria. Alimhoji Mzee Shabani stoo saa nzima na Mzee Shabani akatoka ameshika kofia mkononi. Alisimama mbele ya ubao, akalisoma SOMO LA KWANZA, akalikwaruza kwa ukucha. Siku ya pili mchana niliwasikia kupitia mbao. "Kwa hiyo huyu binti ndiye chanzo?" aliuliza Ndugu Mpangile. "Chanzo ni stoo tupu, Ndugu," akajibu Mwalimu, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema jambo bila kuomba radhi. Mkaguzi akasema, "Stoo tupu ziko nchi nzima, Mwalimu. Chaki hizi nimeziona hapa tu." Sikuweza kujua amesema hivyo kwa wema au kwa ubaya. Nikashika ufunguo kwenye pindo.

Akaniita. Alinikuta tayari nimesimama. Akasema ana barua ya kuchapisha na karatasi ziko chache, kwa hiyo nisikosee. Akavuta kiti chumbani kwangu, akafungua chupa yake ya maji, akaanza kunisomea, taratibu, dirisha likiwa wazi. Kwa Ndugu, acha nafasi, jina tutalijaza. Kuhusu, mtumishi wa majaribio. Tawi lile lilikuwa na mtumishi wa majaribio mmoja. Lakini mpiga chapa mwingine wa chuo kikuu hakuwapo Tabora nzima, na kama ni kufukuzwa basi ilikuwa lazima nijifukuze kwa mikono yangu. Nikapiga. "Katika ukaguzi uliofanyika imethibitika kwamba mtumishi huyo, bila kibali, ametumia saa za kazi, jiko la tawi na sufuria ya wanafunzi kutengeneza chaki ambazo hazikuagizwa na idara yoyote. Nukta. Imethibitika pia kwamba, bila kibali, aliharibu ubao wa darasa. Nukta." Akanywa maji. Mimi nikakaa, vidole juu ya herufi, nawaza nitaanza kuhamisha nini kwanza, godoro au ndoo. Nje ya dirisha nilisikia kitu kama mfuniko wa sufuria ukidondoka.

"Aya mpya," akasema. "Hata hivyo, chaki hizo zimeliwezesha tawi hili kuendesha kozi zake zote mwaka mzima na kulisha wanafunzi wake, jambo lililoshindikana katika matawi mengine. Nukta. Kwa hiyo, kuanzia mwezi ujao, mtumishi huyo anathibitishwa kazini, na pamoja na kupiga chapa atasimamia mradi wa chaki wa tawi, kwa kibali cha maandishi, ambacho ni barua hii." Nilipiga neno la mwisho nikaacha. Ndugu Mpangile akangoja. "Mbona mashine imenyamaza?" "Jina, Ndugu," nikasema. "Hujanitajia jina." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye treni. "Kwani wewe unaitwa nani?"

Nilitoka barazani nimeshika barua, machozi yananitiririka, siwezi kusema. Wote watatu walikuwa pale. Mama Veronika aliniona na hakuhitaji maelezo. "Nilimsikia dirishani!" akasema. "Bila kibali, bila kibali! Kuku niliyempikia hamli, nakwambia. Shabani, leta hapa!" Kumbe Mzee Shabani, mtu wa swala tano, alikuwa amekwisha kumtoa mezani kuku wa mkaguzi, na sinia, na wali, akavifungia stoo. Mwalimu Lazaro akanyoosha mkono, nikampa barua, akaisoma aya ya kwanza kwa sauti na uso umemwanguka, akaisoma ya pili, akaketi kwenye ngazi palepale na suti yake ya kaki juu ya maji ya mvua. Mama Veronika akapiga vigelegele mpaka wanafunzi wakatoka darasani. Mzee Shabani alikuwa anatafuta ufunguo wa stoo, haoni ni upi kati ya funguo zake zote, huku akisema yarabi, yarabi, kuku anapoa. Kuku alipoa kweli. Ndugu Mpangile alimla hivyo hivyo, paja na kidari, na tumbo halikumsumbua.

Alipomaliza kunawa akaniita tena ndani, akaniambia barua yahitaji nakala, moja ya jalada na moja ya Dar es Salaam. Nikamwambia kwamba karatasi ya kaboni hatuna, iliisha zamani. Akajikuna kichwa. Basi itabidi uipige upya, akasema, pole. Nikarudi kwenye mashine na vidole vyangu vyenye nta, uani wanacheka na kuimba, nikaipiga barua ile mara ya pili, na mara ya tatu nikaipiga polepole kwa makusudi, na kila nilipofika kwenye jina nililisema kwa sauti, lote, la kwangu na la baba, kabla ya kuliandika.